Kitoweo na Punguzo

Mwaka juzi nililetewa kazi ya kutafsiri kijitabu. Hakikuwa cha mashairi wala cha hadithi. Kilikuwa kijitabu cha kurasa ishirini na nne ambacho hoteli moja ya upande wa mashariki wa kisiwa hiki iliwaandalia waajiriwa wake, nami mwenye kuishi kwa tafsiri sina mazoea ya kuchagua sana. Nikakipokea, tukaafikiana ujira, nikakaa nacho barazani siku nne. Kurasa za mwanzo zilikwenda kama jahazi katika upepo wa kusi: saa za kazi, sare, likizo, namna ya kumwamkia mgeni na namna ya kumwambia kwamba chumba chake bado hakijawa tayari. Nilipofika ukurasa wa kumi na saba nikapanda mwamba. Hapo ndipo yalipoelezwa mambo ambayo mwajiriwa hupewa juu ya mshahara, na mengine ambayo huweza kujiunga nayo akipenda na kukatwa mwisho wa mwezi: punguzo la asilimia 30 katika duka la hoteli, bima ya mazishi, mfuko wa kuweka na kukopa, na simu ya mkononi ya kulipiwa kidogo kidogo kwa miezi kumi na miwili.

Kichwa cha sura hiyo kilikuwa na maneno mawili tu ya Kiingereza. Moja lilinisumbua siku nzima. Niliandika "stahili", nikafuta. Nikaandika "fadhila", nikafuta. Nikajaribu "maslahi" na "marupurupu", nayo nikayafuta, hili la mwisho kwa sababu lina mlio wa vyombo vya bati vinavyoanguka. Neno la pili sikulifikiria hata kwa muda wa kunywa kahawa. Niliandika "za hiari", nikaendelea na safari. Leo naona kwamba nilikosea pa kutia nanga, kwani neno lenye shimo lilikuwa hilo nililolipita.

Lakini na tuanze na lile lililonisumbua. Stahili tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa ahali: anayestahili kitu ni mtu wa nyumbani kwa kitu hicho. Fadhila limetoka katika shina jingine, lenye maana ya kilichozidi, kilichosalia baada ya haja kutimizwa. Baina ya maneno haya mawili pana masafa ya nyumba nzima. Wa stahili yumo ndani, ameketi mkekani pamoja na wenziwe; wa fadhila yuko mlangoni, anangoja sahani irudi na kitakachobaki. Nilipomaliza kazi nilikuwa nimeandika "Stahili za Hiari". Afisa utumishi wa hoteli, kijana mpole mwenye adabu, aliisoma rasimu mbele yangu, akachukua kalamu ya risasi na kulipiga mstari neno la kwanza.

"Maalim, kwa idhini yako, hapa tuandike fadhila."

Nikamwuliza kwa nini.

"Mtu ukimwambia ni stahili yake, kesho atakuja kuidai."

Sijapata kusikia mwalimu wa lugha akiyatenganisha maneno mawili kwa ufasaha kama ule. Nami, nikiri, nilikubali. Ujira wangu ulikuwa bado haujalipwa.

Swali lililobaki nami tangu siku hiyo ni hili: mwajiri anapompa mfanyakazi wake kitu kisichokuwa mshahara, amempa nini? Amemlipa, amemtunuku, au amemfunga? Wapo watakaoniambia kwamba hili si swali la jarida la mashairi. Lakini ushairi wetu tangu zamani umehangaika na mambo ya mja na bwana, ya kupewa na kunyimwa, ya shukurani inayompendeza mtu na shukurani inayomvunja mgongo; na wengi katika sisi tunaozisoma kurasa hizi huamka asubuhi kwenda kufanya kazi ya mtu.

Pwani yetu ina jambo la kutufunza hapa. Chombo cha uvuvi kinapotia nanga, samaki hawendi moja kwa moja mnadani. Kwanza hutengwa kitoweo. Kila baharia huchukua samaki wake wa kupeleka nyumbani, nao hao hawahesabiwi katika mauzo. Kisha ndipo mnada unapopigwa, gharama zikatolewa, na fedha zikagawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu, na ya watu. Kiasi cha mafungu hutofautiana kutoka bandari hata bandari, lakini kitoweo kipo kote nilikopita. Sijamwona baharia akimshukuru mwenye chombo kwa kitoweo. Angefanya hivyo wenziwe wangemtazama wakadhani amepigwa na jua. Kadhalika sijamwona tajiri wa chombo akisimama ufukweni kutangaza kwamba yeye huwapa watu wake kitoweo. Ni ada. Hutangulia bei, hutangulia hesabu, na yeyote aliyelowa maji anayo, hata mtoto aliyetumwa kutoa maji chomboni.

Nisije nikaeleweka kwamba nauremba ufukwe. Tajiri wa chombo naye ana mikopo yake anayowafungia mabaharia, na yuko anayemkopesha mtu fedha za harusi akampata kwa misimu mitatu. Kitoweo hakiufanyi mgao uwe wa haki. Nasema tu kwamba katika desturi ile kuna kitu kilichotolewa juu ya ujira kisichodai shukurani na kisichomrudia mtoaji.

Punguzo ni mnyama wa namna nyingine. Tuchukue mfano ulio karibu. Katika hoteli ile yuko mama mmoja, msafishaji wa vyumba, ambaye ni jirani yangu na ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Idi ilipokaribia alinunua doti ya khanga katika duka la hoteli. Khanga zile zimewekwa kwa ajili ya watalii, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukindu, na bei yake ilikuwa shilingi 30,000. Kwa punguzo la asilimia 30 alilipa 21,000, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa katikati na mkononi hana kitu, akaandikwa ili akatwe mwisho wa mwezi. Doti iyo hiyo, ya kiwanda icho hicho, ilikuwa ikiuzwa Darajani kwa 12,000. Hesabu iko wazi: amepunguziwa 9,000 na amezidishiwa 9,000, na vitano vya mizani vimesimama sawasawa kama vya sonara. Nilipomwonyesha hesabu hii alicheka.

"Ami, na nauli ya kwendea Darajani nani angenipa? Na Darajani wananikopesha?"

Alikuwa na haki. Hakudanganywa, alijua. Alinunua muda, si khanga.

Hapana budi pia kuwatendea haki wenye mapunguzo ya kweli. Yuko mfanyakazi wa kiwanda cha unga anayeuziwa gunia kwa bei ya kiwandani, na watoto wake wanakula kwa sababu hiyo. Yuko mfanyakazi wa shirika la ndege anayesafiri kwa sehemu ndogo ya nauli, ingawa huketi kitini baada ya wenye tiketi kamili kwisha kuketi, na pasipobaki nafasi hurudi nyumbani na mkoba wake. Hao wamepata kitu. Hata hivyo, tazama umbo la kitu chenyewe. Mwajiri anatoa kile ambacho kwake ni rahisi na ambacho kwa mpokeaji kina bei kubwa: kiti ambacho kingeruka kitupu, bidhaa aliyoipata kwa jumla. Si dhambi hiyo. Ni busara ya biashara. Ila fedha haina jina la mtu wala haiamuru pa kwenda, ilhali punguzo lina mlango mmoja tu. Mshahara unaotumiwa katika duka la mwajiri huenda na kurudi kama maji ya bamvua: asubuhi umefunika ufukwe, jioni umerudi ulikotoka, na mchangani pamebaki mwani.

Watu wa Uingereza waliliona hili mapema kwa kuwa liliwachoma mapema. Zama za viwanda vyao vya kwanza, waajiri wengi waliwalipa watu kwa bidhaa, au kwa vyeti vilivyopokelewa katika duka la mwajiri pekee, kwa bei aliyoitaka mwenyewe. Sheria ya mwaka 1831 iliwalazimisha waajiri wa kazi nyingi walipe ujira kwa sarafu ya nchi. Jambo la kuvutia ni kwamba wakati huo huo alikuwepo bwana mmoja aliyeendesha duka la namna hiyo kwa nia njema. Robert Owen, mwenye kuendesha viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, tangu mwaka 1800, alinunua vyakula na nguo kwa jumla akawauzia wafanyakazi wake kwa bei iliyozidi kidogo tu gharama, na faida ya duka akaipeleka katika shule ya watoto wao. Bidhaa zilikuwa nzuri, mizani ilikuwa ya kweli. Kama kuna punguzo lililokuwa halali mbele ya Mungu na mbele ya watu, ndilo hilo.

Basi mbona jambo hilo halikuwatosha watu? Mwaka 1844, mjini Rochdale, wafanyakazi 28, wafumaji na wengineo, walichangishana fedha zao wakafungua duka lao wenyewe. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa, na faida wakaigawana kwa kadiri ya alichonunua kila mmoja. Ukitazama kwa macho ya tumbo, tofauti baina ya duka la Owen na la Rochdale ni ndogo. Pengine siagi ya Owen ilikuwa bora. Kilichobadilika ni mwenye ufunguo. Katika duka la kwanza nafuu ilitoka kwa mtu na ingeweza kusimama siku mtu huyo atakapokufa, au kuuza kiwanda, au kuamka vibaya. Katika la pili nafuu ilikuwa ni yao wakijirudishia wenyewe. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa, vinavyokutana chini ya miembe na katika vyumba vya nyuma vya afisi za serikali, ni wajukuu wa mbali wa fikra hiyo, hata kama katibu anasinzia na daftari limeliwa na mchwa.

Nimesema punguzo lina mlango mmoja. Lina na jambo jingine, tamu zaidi, na kwa hiyo gumu zaidi kulisema. Katika masoko yetu bei haijapata kuwa namba tupu. Iko bei ya mgeni, iko bei ya mwenyeji, iko bei ya ndugu, na muuzaji akikupunguzia hukuambia kwa bei ile kwamba wewe ni wetu. Mfanyakazi anayepunguziwa dukani anasikia neno hilo hilo, na moyo wake unachangamka, na si upumbavu. Mtu anayetandika vitanda ambavyo hatavilalia anahitaji kuambiwa kwamba nyumba hii ina habari naye. Lakini "wetu" katika lugha yetu ni neno lenye pande mbili. Ndugu ni wetu na ng'ombe ni wetu. Sarufi haitofautishi, anayetofautisha ni yule anayesema.

Waswahili wa Katanga wanalijua hili kwa uzoefu ulioandikwa katika miili. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi ikaamua kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto. Iliwapa nyumba, hospitali, shule, na posho ya unga iliyopimwa kwa idadi ya vichwa vya familia. Neno posho lenyewe limesafiri sana. Lilianza katika misafara ya wapagazi walioondoka pwani hii, ambako lilikuwa chakula cha njiani, kibaba cha nafaka kwa siku au kitambaa cha kununulia. Likaingia mashambani na migodini. Uganda likawa jina la ugali. Na Tanzania leo ni fedha wanazopewa waheshimiwa kwa kukaa kikaoni. Huko Katanga lilibaki katika maana yake ya kale. Kampuni ilikuwa baba, na baba huhesabu watoto, huwalisha, na huingia chumbani kutazama kama wamelala. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kutaka ujira zaidi, na askari wakawafyatulia risasi mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Waliokufa walikuwa makumi. Walikuwa na nyumba, walikuwa na unga, na hospitali nzuri kuliko nyingi za zama zile. Walichodai ni fedha.

Na baba huyo alipofilisika? Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 mambo yake yakaporomoka nao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, mwaka 2001 alichapisha kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, na katika jina la kitabu akawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwenye kupewa fedha huweza kujenga kibanda mahali anapotaka, hata kiwe kibovu. Mwenye kupewa nyumba ya kampuni, unga wa kampuni na daktari wa kampuni, siku kampuni ikianguka huanguka na paa, sufuria na dawa.

Hapo sasa narejea kwenye lile neno nililolipita bila kuligusa. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwapunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wamekaa miezi mingi bila kulipwa mshahara. Waliambiwa: kila apendaye kuondoka atapewa kiasi fulani cha fedha kwa mkupuo, naye atie sahihi. Wakatia. Hakuna aliyeshikiwa bunduki. Nikiulizwa kama waliondoka kwa hiari, natazama neno na neno linanitazama.

Hiari na heri ni ndugu wa shina moja. Kuchagua, kwa asili ya neno, ni kuiona heri na kuiendea. Sharti ziwepo njia mbili, na katika zote mbili mtu aweze kusimama. Anayechagua baina ya kutia sahihi na kulala njaa ametia sahihi kwa mkono wake, lakini kilichousukuma mkono hakikuwa chake. Fomu ya hoteli yetu ilikuwa na visanduku viwili kwa kila jambo, NAKUBALI na SIKUBALI, vya ukubwa ule ule. Mtu akimaliza kujaza alimkabidhi msimamizi wa idara yake. Msimamizi huyo huyo ndiye aliyeandika orodha ya watakaobaki kazini wakati wa masika, watalii wanapopungua na mikataba mingi inapositishwa. Hakuna aliyelazimishwa. Wala, kwa alivyonieleza jirani yangu, hakuna aliyetia alama katika kisanduku cha pili.

Wanasheria wamejitahidi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa ujira, unasema wazi kwamba pale mwajiri anapofungua duka, mfanyakazi asishurutishwe kulitumia. Sheria za nchi nyingi, na zetu zimo, hudai ridhaa ya maandishi kwa makato ambayo sheria yenyewe haikuyaamuru. Ni jambo jema. Lakini sheria huiona sahihi. Haiuoni mkono ukitetemeka. Tanzania tumewahi kufikishana mahakamani kwa jambo la sura hiyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kama desturi za ukarimu zinavyotaka, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo. Takrima ni neno zuri, lenye heshima ndani yake. Mgombea anayechinja ng'ombe siku ya mkutano hamlazimishi mtu kula. Ila mlaji anajua, na mchinjaji anajua kwamba mlaji anajua, na katika kujuana huko hiari imekwisha kuondoka kimya kimya kwa mlango wa uani.

Nilikuwa nimefika hapa katika fikra zangu, na laiti ningeandika wakati huo insha hii ingekuwa fupi na kali. Nilikuwa tayari kusema kwamba makato yote ya namna hii ni ulaghai uliovishwa kanzu. Kisha jirani yangu akafiliwa na mama yake.

Mazishi yetu hayana gharama kubwa kaburini. Mtu huzikwa siku ile ile, majirani huchimba, na sanda haipatwi kwa shida. Gharama huja baadaye: khitma, wageni waliovuka bahari kutoka Pemba na Tanga, deni la dawa za miezi ya mwisho lililokuwa likingoja nje ya mlango kwa adabu. Bima ya mazishi, ile aliyotilia alama kwa kumwogopa msimamizi, ililipa siku ya tatu. Nilikwenda kumpa mkono, na baada ya watu kupungua akanieleza jambo hilo kwa sauti ya chini.

"Sikumwendea mtu, Ami. Baba alipokufa tulimwendea kila mtu. Safari hii nimemzika mama kwa changu."

Neno "changu" lilinipiga. Si la hoteli, si fadhila. Fedha alizokatwa bila ya ridhaa ya kweli zilikuwa zimerudi zikiwa zake kuliko mshahara wenyewe, ambao hapati kuushika usiku mmoja. Nikamwuliza, pengine kwa ukatili wa mtu anayetafuta hoja, kama angekuwa huru siku ile angekubali. Hakusita.

"Ningekataa. Nani anataka kufikiria mama yake kufa?"

Nimelizungusha jibu hilo kwa miezi. Kama angekuwa huru angekataa, na kama angekataa angezunguka mitaa akiomba, kama alivyozunguka alipokufa baba yake. Basi je, kulazimishwa kumemheshimisha? Wapo wanafalsafa watakaosema ndiyo, kwa kuwa mtu wa leo hamjui mtu wa kesho na anahitaji mkono wa kumshika. Sina nguvu ya kuwapinga kabisa. Sote tunakatwa akiba ya uzeeni, na huku Zanzibar mfuko wa hifadhi ya jamii ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na hakuna aliyetuuliza mmoja mmoja kama tunapenda kuzeeka. Tunanung'unika, tunazeeka, na siku ya kiinua mgongo tunavaa kanzu safi.

Lakini mfuko ule hautudanganyi jina. Unajiita lazima. Kwa kuwa unajiita lazima, mtu husimama barazani au Barazani kwa herufi kubwa, kule wanakokaa Wawakilishi, akasema kwamba asilimia ni kubwa mno, kwamba hesabu zionyeshwe, kwamba wastaafu wanacheleweshwa. Lazima iliyo wazi ina uso, na chenye uso hujibizana na watu. Lazima iliyovaa buibui la hiari haina wa kumjibu, kwani ukilalamika utaulizwa: si ulitaka mwenyewe? Sahihi yako si hii? Hapo mtu hunyang'anywa vitu viwili, fedha zake na haki ya kulalamika. Fedha zinaweza kurudi, kama zilivyomrudia jirani yangu. Ile haki sioni mfuko unaoirejesha.

Na aliyelivisha buibui hilo ni mimi. Mwenye hoteli aliandika kwa lugha yake, na wafanyakazi wengi hawaisomi. Neno "hiari" lililowafikia lilitoka katika kalamu yangu, nami nilililipwa. Sisi tunaojitwika kazi ya maneno hupenda kusema kwamba dhamana yetu ni kwa uzuri wa lugha. Naam, na kijitabu kile kilisifiwa kwa Kiswahili chake.

Mwanzoni mwa mwaka huu kiliisha, wakataka kukichapa tena. Nilikwenda mwenyewe kwa afisa utumishi. Nilimwomba mambo mawili: fomu zisipitie kwa wasimamizi wa idara, na katika ukurasa wa kumi na saba turudishe stahili mahali pa fadhila. Nilimweleza hadithi ya mashina ya maneno, ahali na kilichosalia, akasikiliza kwa heshima huku akigeuzageuza kalamu. La kwanza alilikubali hapo hapo. Akasema hata yeye lilikuwa likimkera. La pili akatikisa kichwa.

"Hilo, Maalim, halimo katika uwezo wangu."

Sasa karibu na chumba cha sare pamewekwa sanduku la bati lenye kufuli, na kila mtu hutumbukiza fomu yake mwenyewe. Jirani yangu aliijaza upya kibarazani kwangu kwa kalamu yangu. Simu aliikataa. Mkopo wa duka aliukataa, akacheka akikumbuka khanga zake. Mfuko wa kuweka na kukopa aliutazama muda mrefu, akaniuliza kama viongozi wake huchaguliwa na wanachama, nikamwambia sijui, akaacha visanduku vyote viwili vitupu ili aulize kwanza. Bima ya mazishi aliitilia alama bila ya kuinua kichwa. Kijitabu kipya kimetoka na jalada la buluu, na neno fadhila lingali pale pale, ukurasa wa kumi na saba.